Huruma kwa Mche Wenye Kiu

Huruma ni sifa ambayo watu huisifu bila ya kuihoji. Ampaye maji mwenye kiu husifiwa katika kila dini na kila kabila, na ayazuiaye maji hali anayo huchukiwa hata na jamaa zake. Kwa hiyo si rahisi kwa msomaji kukubali mara moja kwamba pana mahali ambapo kumnywesha mwenye kiu ni kosa. Mahali hapo papo, wala si mbali nasi. Na kosa lenyewe, ijapokuwa ujazo wake ni wa kikombe kimoja, laweza kuchangia kumlaza mtu na njaa umbali wa kilomita 500 kutoka pale lilipotendwa.

Mahali ninapopanena ni kitalu nyumba cha chuo kikuu, yaani ile nyumba ya kioo, au ya nailoni, au ya wavu, ambamo mimea hukuzwa kwa ajili ya utafiti. Vyuo vyetu vya kilimo vinazo nyumba za namna hii; Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine huko Morogoro, kilichoanzishwa mwaka 1984, ni mfano ulio karibu. Apitaye nje huona majani mabichi akadhani ni bustani. Lakini bustani hupandwa kwa ajili ya chakula au ya macho. Humu mmea hupandwa ili uulizwe swali. Na swali ambalo nchi yetu ina haja nalo kuliko mengi mengine ni hili: mvua ikikatika, mtama upi utastahimili?

Swali hilo halikuzaliwa Morogoro. Limetoka katika nchi kavu ya kati, na kwa ajili ya insha hii nitalichukua kutoka Singida. Mkoa ule hupata kiasi cha milimita 500 hadi 800 za mvua kwa mwaka, na zote huja katika msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili. Baada ya hapo mbingu hufungwa. Penye misimu miwili, mkulima aliyeshindwa katika wa kwanza hujaribu wa pili. Mnyaturu na Mnyiramba hawana wa pili. Ndiyo sababu mashamba yao yamekuwa na mtama na uwele tangu zamani, na siku hizi alizeti, ambayo imeupatia mkoa ule jina nchini kote. Tena, hata mvua ya mwaka ikitimia kwa hesabu, yamkini majuma matatu yakapita katikati ya msimu bila ya tone, wakati mtama unapochanua na kujaza punje. Na huo ndio wakati ambao kiu huudhuru zaidi.

Sasa tutazame jinsi swali linavyoulizwa. Mtafiti hukusanya mbegu, baadhi yake kutoka katika vihenge vya wakulima wenyewe, akazipanda katika vyungu vyenye udongo wa kipimo kimoja. Miche ikishika, vyungu hugawanywa kwa kura: hivi vitanyweshwa vya kutosha, na hivi vitapewa nusu ya haja yao, au vitaachwa kabisa kwa siku zilizowekwa. Kura ni jambo kubwa hapa. Mwingereza Ronald Fisher, aliyeanza kazi katika kituo cha kilimo cha Rothamsted mwaka 1919, ndiye aliyewafundisha watafiti wa karne iliyopita kwamba mkono wa mtu haufai kuaminiwa katika kugawa, kwa kuwa hata bila ya yeye kujua utaupeleka mche mzuri upande anaoupenda. Baada ya kura, kila chungu hupandishwa kwenye mizani. Uzito uliopungua ni maji yaliyotoka, gramu moja kwa mililita moja. Basi hurudishwa kiasi kile kile kilichoamriwa, wala si tone zaidi. Kazi hii hufanywa siku zote, Jumapili na sikukuu zikiwamo, kwa majuma mengi. Kando huwekwa vyungu vichache vya akiba, visivyoingia katika kura, ili mche ukifa mapema kwa ajali upatikane wa kushika nafasi yake.

Tuseme basi yuko mtunzaji katika nyumba ile, kijana mwenye moyo mwema. Miche aliipanda kwa mkono wake, akaing'olea magugu, akaiondolea viwavi mmoja mmoja. Siku ya tisa ya kiu anaingia saa nane za mchana, wakati joto la ndani linapomfanya mtu atafute mlango. Majani ya vyungu vilivyonyimwa yamejikunja kama mkeka uliokunjwa, na rangi yake imeingia kijivu. Bega kwa bega, ndugu zao wa kihenge kimoja wamesimama wakinawiri, na tofauti yao haikutokana na lolote ila kura. Bomba li hapo hapo. Hakuna mtu. Anajaza kikombe na kuumwagia mmoja, ule uliomshinda moyo. Je, ametenda nini?

Mtetezi wake wa kwanza atasema kwamba amekipunguzia mateso kiumbe kilicho hai. Hoja hii ina wafuasi wengi kuliko tunavyodhani. Mhindi Jagadish Chandra Bose, aliyefariki mwaka 1937, alibuni chombo cha kukuza mara nyingi mno mwendo wa ukuaji wa mmea hata jicho likaweza kuufuata, akaonyesha jinsi mimea inavyoitikia mguso, joto na sumu; na baadhi ya waliomsikia wakaondoka wakiamini kwamba mmea una uchungu kama wetu. Mimi naona kuitikia ni jambo moja na kuumia ni jambo lingine. Mmea hauna neva wala ubongo, na hatuna ushahidi kwamba lipo ndani yake jambo linaloumia. Na mtama hasa ni mmea usiofaa kuombolezewa haraka. Majani yake yamepakwa nta. Huyakunja ili jua lipate mahali padogo pa kupiga. Huviziba vitundu vyake vya pumzi. Kisha husimamisha ukuaji wake, kama msafiri aliyeketi kivulini kungoja jua lipoe, na mvua ikirudi huendelea na safari. Yaelekea kile alichokidhani kijana wetu kuwa ni kilio kilikuwa ni ufundi.

Walakini sitaki kumcheka. Mtu asiyeguswa na chochote aonapo jani linanyauka, mimi ningesita kumkabidhi ufunguo wa nyumba ile. Jicho linaloona haraka kwamba mche una kiu ndilo linaloona kwamba tundu la chini ya chungu limeziba, kwamba chawa wa mimea wameanza upande wa mashariki, kwamba mizani leo inasoma kwa kusitasita. Asiye na huruma aghalabu huwa hana uangalifu pia. Kwa hiyo hatuwezi kutatua jambo hili kwa kuajiri watu wenye mioyo ya mawe. Huruma ya mtunzaji ni moja ya vyombo vyake vya kazi, kama mizani. Na kama mizani, ina namna yake ya kuharibika.

Mtetezi wa pili ni mjuzi zaidi. Atasema: kikombe kimoja si kitu. Hakuna aina ya mtama inayokabidhiwa wakulima kwa sababu ya chungu kimoja. Hujaribiwa vyunguni, kisha mashambani, mahali pengi, miaka kadhaa, na makosa madogo hufutana yenyewe kwa yenyewe. Hoja hii ni ya kweli kwa sehemu, na kama makosa ya watu wote yangekuwa ya bahati tu, ningenyamaza. Mkono unaotetemeka mara huzidisha na mara hupunguza, na mwisho wa hesabu hakuna aliyependelewa. Lakini huruma haitetemeki. Kila siku huenda upande mmoja, kwa aliye dhaifu. Katika aina kumi za mtama zilizomo nyumbani mle, itakayonyweshwa kwa siri ni ile inayoshindwa na kiu upesi kuliko zote, kwa maana ndiyo inayosikitisha zaidi. Na ile inayostahimili, ambayo ndiyo iliyotafutwa, haitapata hata tone, kwa kuwa haikumliza mtu. Wastani wa dhaifu utapanda. Tofauti baina yake na hodari itafifia. Wala kura ya Fisher haina dawa ya jambo hili, kwa sababu kura hulinda siku ya kugawa, na kikombe hiki kilikuja baadaye.

Tuifuate mbegu sasa. Aina iliyoponyeshwa na kikombe huandikwa daftarini kuwa ni mstahimilivu. Daftari huwa jedwali, jedwali huwa taarifa, na taarifa, ikiongezewa nyingine zenye dosari kama yake, huwa neno la bwana shamba mbele ya mkutano wa kijiji huko Mkalama au Ikungi. Mama mmoja mwenye ekari mbili analiamini neno lile. Anaiweka kando mbegu yake ya zamani na kupanda mpya. Majuma matatu makavu yanakuja kama yajavyo. Majani yanajikunja kama yalivyojikunja Morogoro. Lakini hapa hakuna bomba, wala hakuna mwenye moyo mwema wa kuingia shambani na kikombe. Maji yale aliyoyamwaga kijana yalikuwa ahadi, na ahadi hiyo hakuna wa kuitimiza.

Hapa ndipo ninapoona tabia halisi ya mmea wa utafiti. Mmea ule ni shahidi. Umeitwa kutoka mbali kuja kusema jambo moja ambalo sisi hatulijui, na watu wengine wamengoja nje ili waamue maisha yao kwa neno lake. Katika mabaraza ya wazee wetu, shahidi aliyepewa zawadi kabla ya kusema neno lake halikuhesabiwa, hata ikiwa mtoaji alimpa kwa mapenzi. Hakuna aliyeuliza kama zawadi ilitoka katika moyo mzuri.

Shahidi huharibiwa kwa njia nyingine pia, na hii ni ya kawaida zaidi katika nyumba zile kuliko huruma. Ni uvivu. Jumapili mtunzaji haji. Au umeme umekatika, pampu imelala, na miche iliyopasa kunyweshwa imepata kiu isiyoamriwa. Jumatatu asubuhi mtu anasimama mbele ya daftari lenye mstari mtupu. Anayo njia ya unyofu, nayo ni kuandika: jana haikupimwa. Anayo njia nyingine, ya kutazama tarakimu ya juzi na ya leo na kubuni iliyo katikati. Tarakimu hiyo itafanana na kweli kabisa, yamkini itakuwa karibu na kweli. Mwalimu hataigundua, mmea hautasema. Ningeulizwa ni yupi aliye mbaya zaidi, mwenye kikombe au mwenye kalamu, ningesema moyo wa wa kwanza waweza kufundishwa kwa siku moja, na wa pili unahitaji zaidi ya mafundisho. Lakini yule mama wa Ikungi hali mioyo yetu. Mbele yake wote wawili wamemletea neno moja la uongo.

Wapo watakaosema kwamba nimeyatia chumvi mambo ya vyungu. Na watazame upande wa mashariki wa Singida, katika mkoa jirani wa Dodoma. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulitumwa kutoka Uingereza kuchunguza kama karanga zingeweza kulimwa kwa wingi katika nchi hizi. Ulifanya uchunguzi wake kwa majuma 9, na sehemu kubwa ya ardhi ukaitazama kutoka hewani. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa, kwa azma ya kulima zaidi ya ekari milioni 3 kwa gharama ya paundi milioni 25. Hakuna aliyengoja shamba dogo la majaribio liseme. Udongo wa Kongwa, ambao katika mvua ulilimika, wakati wa kiangazi uligeuka kuwa mgumu kama sakafu, na karanga zikakataa kung'oka. Na mvua nayo haikuja kwa hesabu ya karatasi. Mpango uliachwa Januari 1951, na kiasi cha paundi milioni 36 kikafutwa katika vitabu vya serikali ya London. Vyungu vichache vya udongo ule, vikiloweshwa na kukaushwa mbele ya mtu mwenye subira, vingekuwa vimeonya juu ya ugumu wake kwa gharama ya mshahara wa mtu mmoja. Pale shahidi hakuhongwa. Hakuitwa kabisa.

Na aitwapo akasikilizwa, huweza kusema mambo ya ajabu. Wakulima wa mtama wanaijua kiduha, gugu lenye maua madogo mekundu, na jamaa yake wa kanda ya Ziwa mwenye maua ya rangi ya waridi, ambalo huukamata mzizi wa mtama chini kwa chini na kuufyonza kabla halijaonekana juu. Mbegu yake ni ndogo kama vumbi na huweza kungoja udongoni miaka kumi na zaidi. Ilikuwa fumbo kwa muda mrefu: inajuaje kwamba mtama umekuja? Mwaka 1966 wanakemia wa Marekani walitenga, kutoka katika mizizi ya pamba, kitu ambacho kikiifikia mbegu ya kiduha huiamsha. Lakini kwa nini mzizi umwite adui yake? Jibu lilikuja mwaka 2005: mzizi, hasa ukiwa katika ardhi iliyopungukiwa na fosforasi, hutoa vitu vya jamii ile ili kuita kuvu wema wa udongoni wanaousaidia kupata chakula. Unaita rafiki, kiduha kinadukua. Haya yote yalisemwa na mimea iliyokuzwa kwa subira mahali palipofungwa. Ziko aina za mtama ambazo wito wake ni hafifu, nazo hupata nafuu. Na mwaka 2002 aina mbili zinazostahimili kiduha ziliidhinishwa nchini Tanzania, zikapewa majina ya Hakika na Wahi. Aliyeyachagua majina hayo alijua matamanio yetu. Mkulima anayataka yote mawili kwa pamoja. Mtafiti, kila anapoandika tarakimu ambayo hakuipima, hulipa la kwanza ili anunue la pili.

Mpaka hapa nimesema kama mtu aliyeamua kwamba kweli iitangulie huruma. Sivyo ninavyoamini, na kuna mahali ambapo neno langu hugeuka juu chini.

Utafiti haukai kitaluni siku zote. Mbegu ikifaulu vyunguni hupelekwa kujaribiwa katika mashamba, na mengine katika hayo ni ya wakulima. Mtafiti huenda Singida, akaomba robo ekari kwa mzee fulani, akaigawanya kwa kamba: kipande hiki mbolea, kipande hiki bila ya mbolea, hapa mbegu mpya, hapa ya zamani. Kwa macho ya hesabu, shamba lile ni kitalu kile kile, na vipande vile ni vyungu vikubwa. Lakini chungu cha Morogoro kikifa, aliyepoteza ni daftari. Kipande hiki kikifa, pamepotea chakula cha watoto wa mzee yule, katika nchi isiyo na msimu wa pili. Basi mzee akija usiku kutia samadi katika kipande kilichoamriwa kisitiwe, nani atamwita mharibifu wa ushahidi? Ardhi ni yake na njaa ni yake. Mtafiti asiyekubali kuharibiwa hesabu na ampe mzee yule gunia la mtama la kufidia kile alichomzuia kuvuna, tena ampe kabla hajafunga kamba ya kwanza. Akishindwa, na aache mzee atie samadi.

Kwa hiyo tofauti haiko baina ya kweli na huruma. Iko katika mlipaji. Kitaluni, kikombe cha kijana kinamfariji kijana na kulipwa na mama asiyejulikana. Shambani, amri kali ya mtafiti inaikinga jedwali yake na kulipwa na mzee anayejulikana kwa jina na kwa uso. Katika mambo yote mawili mtu ameipunguza taabu yake kwa mali ya mwingine.

Tena liko deni ambalo husahauliwa. Mbegu zile hazikuanza na mtafiti. Mtama ni zao la Afrika yetu, na kwa vizazi visivyohesabika wakulima, na zaidi wanawake, walichagua masuke mazuri wakati wa mavuno, wakayatundika juu ya moto jikoni ili moshi uyalinde na wadudu, wakayapanda tena. Huo nao ulikuwa utafiti. Kura yake ilipigwa na mvua yenyewe, na wala haikuwa na huruma. Aliyetoa konzi ya mbegu kutoka katika kihenge chake ametoa matokeo ya jaribio la mababu zake, nalo ni amana. Anastahili kuletewa jibu, hata likiwa ni la kusema kwamba mbegu yake imeshindwa, na hasa likiwa ni la kusema kwamba imeshinda zile zilizotoka ng'ambo. Nimeona taarifa nyingi zilizochapwa vizuri kwa lugha ambayo mtoaji wa mbegu haisomi. Huyo ni shahidi aliyesema mahakamani mlango ukiwa umefungwa.

Turudi kwa kijana wetu na kikombe chake, maana bado amesimama pale. Siku ya mwisho miche yote itakatwa, iliyonyweshwa na iliyonyimwa, itatiwa katika mifuko ya karatasi na kukaushwa katika joko kiasi cha nyuzi 70 hadi uzito wake usipungue tena. Hakuna utakaopona. Analijua hilo, na bado mkono wake unauma kwa kutofanya kitu. Mimi nisingemfukuza. Ningemwonyesha daftari, nikamwambia aandike kwa kalamu yake mwenyewe chungu alichokimwagia, siku na kiasi, ili chungu kile kitolewe katika hesabu. Kisha ningemwonyesha vyungu vya akiba vilivyo kando ya mlango, ambavyo kura haikuvitaja. Hivyo, kazi ikiisha, na avimwagie apendavyo. Au avibebe mpaka nyuma ya nyumba yake na kuipanda ile miche ardhini, na mtu asimwulize ametia ndoo ngapi.